Siku zangu za Utende, Mafia

Nimerudi Moshi juzi, nguo bado zinanukia chumvi na sina haraka ya kuzifua, acha niandike kabla kazi haijanibana tena.

Mi napokea wageni wa mlima hapa mjini. Wakishashuka Kilimanjaro wengi wanaunganisha visiwani kupumzika, na miaka yote nimekua nawasindikiza uwanja wa ndege wa KIA nageuza gari narudi ofisini. Safari hii nikasema naenda na mimi, tena Mafia. Basi la alfajiri mpaka Dar, nikalala kwa dada, asubuhi Mbagala Rangi Tatu nikapanda gari za Nyamisati, pale unachukua boti mpaka Kilindoni alafu bodaboda mpaka Utende. Ni mbali aisee, ila nenda.

Hoteli yenyewe ni vibanda vichache vya makuti mchangani kabisa. Kitanda, neti, feni, basi. Maji ya bombani yana chumvi kidogo, umeme ukikatika unafungua dirisha upepo wa baharini unaingia na unalala fofofo. Mama wa jikoni nilimpenda sana. Sijamaliza hata chapati ya asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, usiku utakula nini?" maana pale hawaweki samaki wa wiki nzima kwenye friji, wananunua cha siku hiyo. Nikasema pweza. Akasema, "Haya, ngoja maji yakupwe."

Na kweli tulingoja. Maji yakikupwa pale ghuba ya Chole sehemu kubwa inabaki mchanga na miamba, mashua zinalala ubavu, wanawake wanashuka na vyuma vyao kuchokoa pweza. Nikamfuata mama mmoja. Akaingiza chuma kwenye tundu la mwamba, akatulia kama anasikiliza kwa mkono, akavuta, pweza katoka kajizungusha mpaka kwenye kiwiko chake na yeye wala hana habari, anambandua mkono mmoja mmoja huku ananiuliza habari za huko bara. Baadae akapondwa vizuri mpaka akalainika, akaingia kwenye nazi. Sijawahi kula kitu kama kile.

Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwahiyo boti ya kwenda kisiwa cha Chole nayo inasogea, kuogelea kunasogea, na hamna wa kumpigia simu afanye haraka. Kwa mtu anaeishi kwa ratiba za wageni kama mimi hiyo ilinipumzisha kuliko hata kulala, nilikaa kwenye kigoda natazama maji yanarudi taratibu na kichwani hamna kitu kinachonidai.

Chole kuna magofu yaliyokamatwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wala matunda wananing'inia mchana kweupe. Potwe sikumuona, huyo anaonekana zaidi Oktoba mpaka Machi upande wa Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani na chakula chake ni vidudu vidogo vya majini. Nahodha alivyokua ananisimulia nikamuwaza mama yangu. Kazaliwa Kibosho kakulia Kibosho, bahari anaijua kwa picha tu.

Jana nikapanda kumwambia tutaenda wote. Swali la kwanza, huko ndizi zipo? Zipo mama. Akasema sawa, ila kahawa ivunwe kwanza iishe. Nimeshaongea na yule mama wa Utende, chumba cha Februari anatuwekea.