Uzoefu wangu wa mchujo wa umeya New York: jaza nafasi zote 5

"Jaza jina moja tu. Ukiongeza wengine unampunguzia nguvu mtu wako."

Ushauri huu husambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa New York kila chama cha Democratic kinapotafuta mgombea wake wa umeya. Mara nyingi wanaoutoa ni watu wazima wenye heshima zao, ndiyo maana unaaminika. Si kweli hata kidogo, kwa sababu karatasi ya mchujo huu, yaani uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mgombea, humruhusu mpiga kura kupanga wagombea hadi 5 kwa mpangilio. Nimejitolea kwenye kazi ya mchujo, kuanzia kukusanya saini hadi kuwaelekeza watu namna ya kujaza karatasi, na kwa ninavyoona mimi, ushauri wa namna hii unatupotezea kura kuliko hila za mpinzani yeyote.

Takriban theluthi mbili ya waliojiandikisha kupiga kura jijini wamejiandikisha kama wanachama wa Democratic, kwa hiyo anayeshinda mchujo wa Juni huingia uchaguzi mkuu wa Novemba akiwa mbele. Hiyo haimaanishi ameshapita. Rudy Giuliani na Michael Bloomberg walishinda chaguzi 5 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2009, bila tiketi ya Democratic. Ila tangu 2013 kila aliyeipata tiketi hiyo amekuwa meya. Kazi yenyewe basi iko kabla ya Juni, na inaanza wakati wa baridi kali, siku ambazo hakuna anayetaka kusikia habari za uchaguzi.

Mchujo huu ni wa wanachama peke yao. Hapa watu wetu wengi hukwama bila kujua. Mtu anapata uraia, anapewa fomu ya kujiandikisha, anafika kwenye sehemu ya chama, anaiacha wazi kwa kuwa hataki mambo ya vyama. Juni anakwenda kituoni na kuambiwa hana kura. Aliyekwisha kujiandikisha akitaka kubadili chama, au kuingia chama kwa mara ya kwanza, mwisho wake ni Februari 14. Anayejiandikisha upya kabisa ana hadi siku 10 kabla ya uchaguzi. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja mama aliyejiandikisha zamani bila chama atakosa kura, na binti yake aliyepata uraia mwezi Mei atapiga.

Kwa hiyo Januari ukimpigia mtu simu usimuulize "umejiandikisha?" Wote watajibu ndiyo. Muulize "chama kimeandikwa nini?" na mkae naye kwenye simu mpaka afungue tovuti ya jimbo na akusomee. Wenye grini kadi hawapigi kura wala hawasaini. Ile sheria ya jiji iliyotaka kuwaruhusu ilifutwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo mwezi Machi 2025. Lakini kuchangia fedha wanaruhusiwa, jambo nitakalolirudia huko chini.

Saini sasa. Mgombea umeya anahitaji saini 3,750 za wanachama wa chama chake ili jina liingie kwenye karatasi ya mchujo. Muda ni siku 37, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Aprili. Usimsikilize anayekwambia 4,000 zinatosha. Kampeni inayojua kazi hukusanya mara 3 ya idadi hiyo, kwa sababu mpinzani ana haki ya kupinga saini moja moja, na wapo mawakili wanaoishi kwa kazi hiyo. Saini huanguka kwa sababu hizi: aliyesaini si mwanachama wa chama husika, anuani aliyoandika si ile aliyojiandikishia, au alishasaini fomu ya mgombea mwingine wa kiti hichohicho. Mtu anaruhusiwa kusaini mara moja tu kwa kiti kimoja, na inayohesabika ni ya tarehe ya kwanza. Kabla hujampa mtu kalamu, muulize kama amesaini ya mtu mwingine. Ukiona anasitasita, mshukuru, muage, nenda mlango wa pili.

Jambo ambalo hata wazoefu hulisahau: sheria inataka saini iwe ya mtu mwenyewe, lakini tarehe na anuani mkusanyaji anaweza kumwandikia. Hili hutusaidia sana kwa wazee. Mzee anatia saini yake, wewe unaandika nambari ya nyumba na mtaa kwa mwandiko unaosomeka, na mstari ule hauna wa kuuangusha. Usiiache fomu dukani au msikitini watu wajisainie. Chini ya kila ukurasa kuna tamko la shahidi, na shahidi anathibitisha kwamba watu walisaini mbele ya macho yake. Tamko hilo ndilo linaloangusha kurasa nzima. Idadi ya saini ijaze mwisho, baada ya kuhesabu mistari. Tarehe ya shahidi isitangulie tarehe ya saini yoyote iliyo juu yake. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uweke herufi za mwanzo za jina lako pembeni, kwa sababu marekebisho yasiyo na herufi hizo kwenye tamko huwapa wapinzani mwanya wa kuuondoa ukurasa wote pamoja na saini zilizo safi.

Fedha sitakaa nazo sana. Jiji huongeza dola 8 kwa kila dola 1 ya mkazi wa New York, kwa dola 250 za kwanza. Aliyetoa dola 10 amempa mgombea 90. Ili apewe fedha hizo, mgombea umeya lazima awe na wachangiaji wasiopungua 1,000 wakazi wa jiji, na jumla ya michango inayotambuliwa ifike dola 250,000. Michango midogo ya jamii yetu ina uzito huo, ya wenye grini kadi ikiwemo. Mchango wa mkutanoni usiishie mfukoni mwa mkusanyaji bila kadi ya mchango. Kila anayetoa ajaze jina, anuani na saini, la sivyo dola zile 8 hazipatikani.

Turudi kwenye karatasi ya kura.

Tangu wananchi walipoupitisha mfumo huu kwa kura mwaka 2019, mchujo wa New York humruhusu mpiga kura kupanga wagombea hadi 5 kwa mpangilio: wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Kura ya kwanza ndiyo inayohesabiwa mwanzo. Asipopatikana wa kuvuka nusu, anayeshika mkia anaondolewa, na karatasi zake zinahamia kwa aliyeandikwa baada yake. Zoezi linarudiwa hadi wanabaki wawili. Jina la pili haliguswi hata mara moja mradi wa kwanza wako yumo. Kwa hiyo haliwezi kumdhuru.

Kueleza kwa mdomo hakutoshi. Utaongea nusu saa na mama mmoja atakwambia, "Mwanangu, mimi wangu ni mmoja, hao wengine wa nini?" Ninachofanya ni kuwahesabia mezani. Chukua karatasi ndogo 20 na uzijaze mwenyewe kabla ya kikao, kwa vinywaji 4. Nafasi ya kwanza: chai 8, kahawa 6, soda 4, maji 2. Kwenye karatasi 2 za maji, moja iweke soda nafasi ya pili na nyingine kahawa. Karatasi 4 za soda zipange hivi: 2 ziende kahawa, 1 iende chai, na 1 iwe na soda peke yake, chini yake patupu. Ile ya maji iliyoandika soda ya pili, nafasi ya tatu iweke kahawa. Zigawe kwa watu, kisha ziite moja moja na uzipange mafungu manne juu ya meza.

Waache wayaangalie. Chai inaongoza na kila mtu anadhani imeshinda. Ondoa maji: moja inakwenda soda, moja kahawa, na sasa ni chai 8, kahawa 7, soda 5. Ondoa soda. Zichukue zile 5 mkononi, zisome kwa sauti, uziweke pole pole: kahawa, kahawa, kahawa, chai. Ya tano ishikilie. Igeuze nyuma na mbele waione kwamba haina mahali pa kwenda, uiweke pembeni peke yake. Kahawa 10, chai 9. Halafu muulize mwenye karatasi ile kama anapenda chai. Akisema anaipenda, isogeze kwenye fungu la chai: 10 kwa 10. Hapo yule mama wa mgombea mmoja ataomba karatasi nyingine ajaribu, na hutakuwa na haja ya kueleza tena.

Hayo ya mezani yalitokea jijini mwaka 2021. Katika kura za kwanza Eric Adams alikuwa na karibu asilimia 31, Maya Wiley wa pili kwa asilimia 21, Kathryn Garcia wa tatu kwa asilimia 20 hivi. Kura zilipohamishwa Garcia akampita Wiley, na katika raundi ya mwisho Adams akamshinda Garcia kwa kura 7,197 tu. Kura karibu 140,000 zilikuwa zimekwisha njiani, maana hazikuwa na jina la Adams wala la Garcia. Waliojaza jina moja na mtu wao akatolewa mapema walikuwa humo, na hawakushiriki kuamua kati ya wawili waliobaki.

Wagombea nao hujifunza. Mwaka 2021 Andrew Yang aliwaambia wafuasi wake wamweke Garcia wa pili, lakini Garcia hakuwaambia wake wamweke Yang. Mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, na Brad Lander walikubaliana kila mmoja awaombe watu wake wampe mwenzake nafasi ya pili. Mamdani alianza na karibu asilimia 44 dhidi ya 36 za Andrew Cuomo, na baada ya kura kuhamishwa akamaliza na 56 dhidi ya 44. Wagombea wako wakipatana hivyo, waambie watu mapema na kwa majina, maana siku ya kura hakuna anayekumbuka nani alipatana na nani.

Makosa ya kujaza ninayoyakuta mara kwa mara ni matatu. Kujaza viduara 5 vyote vya mgombea mmoja hakumwongezei kitu. Inahesabika moja tu. Kuruka nafasi, yaani kujaza ya kwanza na ya tatu, hakuharibu. Ya tatu itasogea juu. Linaloharibu ni kuwapa wagombea wawili nafasi moja. Hapo nafasi hiyo na zote zinazofuata hazihesabiki. Mtu akikosea asifute wala asikwaruze. Airudishe karatasi kwa msimamizi apewe nyingine; anaruhusiwa hadi karatasi 3 kwa jumla. Asiyeweza kusoma karatasi ya kura ana haki chini ya sheria ya taifa kuingia na mtu anayemwamini amsaidie, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Wasimamizi wengine hawalijui hili vizuri, kwa hiyo anayemsindikiza mzee aombe kwa upole kuonana na mratibu wa kituo badala ya kuondoka.

Jambo lingine la kuwaambia watu kabla: usiku wa uchaguzi hutangazwa kura za kwanza peke yake. Kura za posta zilizotumwa kwa wakati huruhusiwa kufika hadi siku 7 baadaye, na hesabu ya kuhamisha kura huanza wiki inayofuata. Mwaka 2021 Bodi ya Uchaguzi ilitoa hesabu hiyo Juni 29, kisha ikaiondoa siku hiyohiyo, kwa sababu kura za majaribio takriban 135,000 hazikuwa zimefutwa kwenye kompyuta na zilihesabiwa pamoja na halisi. Ziligunduliwa kwa kuwa watu wa kampeni walijumlisha wenyewe na kuona jumla imeruka kuliko ilivyotarajiwa. Kila kikosi cha kampeni kiwe na mtu wa kufanya hesabu hiyo. Aandike jumla ya kura za usiku wa kwanza, na kila tangazo jipya likitoka ajumlishe safu nzima, pamoja na kura zilizokwisha njiani, kabla hajamsambazia mtu yeyote matokeo.