Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Ekzosi, Ngamiani, Tanga

Jumamosi iliyopita nilifungua gereji saa moja kasorobo asubuhi, kabla mwanafunzi wangu hajafika na kabla jua halijaanza kuchoma mabati, kwa sababu iko hitilafu moja ya ekzosi ambayo husikika tu injini ikiwa bado ya baridi. Gari lenyewe lilikuwa Toyota IST la mzee mmoja wa Chumbageni, aliyeliacha tangu jana yake jioni kwa maelezo mafupi: linakula mafuta, halina nguvu, na fundi mwingine amemwambia kuwa masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yameziba, yatolewe.

Niliwasha injini nikainamia upande wa manifoldi, yale mabomba yanayopokea moshi unapotoka kwenye injini. Kwa sekunde chache za mwanzo kulisikika chak-chak-chak nyepesi, kama mtu anayegonga ukucha juu ya sufuria, kisha mlio ukafifia kadiri chuma kilivyopata moto na kutanuka. Nikazima. Pembeni ya gasketi ya manifoldi palikuwa na mstari mweusi wa masizi, upana wake kama kidole, dalili kwamba moshi unavuja hapo.

Wengi hudhani kwamba tundu kwenye ekzosi kazi yake ni kutoa moshi tu. Moshi wa injini hautiririki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo msukumo huweza kushuka chini ya ule wa hewa ya nje, ndipo tundu lilelile linapovuta hewa kuingia ndani. Sensa ya oksijeni iliyo mbele yake huikuta hewa hiyo na kutoa taarifa kwamba petroli ni chache, na kontrol boksi, kompyuta ya injini, ambayo hujitahidi kulinda uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, huongeza mafuta yasiyohitajika. Plagi huwa nyeusi, gari huwa zito, na mwenye gari hulaumu masega.

Saa mbili mzee akafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umeshayatoa?"

Sikutaka kubishana naye kwa maneno. Nilifungua sensa ya kwanza, nikafunga geji ya msukumo kwenye tundu lake, nikamwomba mwanafunzi wangu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Sindano haikufika hata bar 0.1, masega yaliyoziba yangeipandisha mbali zaidi ya hapo. Mzee alivaa miwani yake akaisoma mwenyewe. Masega yana wanunuzi wazuri, maana ndani yake mna metali ghali za platini, paladi na rodi, na nashuku kwamba aliyemshauri aliwaza hayo kuliko nguvu za IST. Nilibadilisha gasketi, nikakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, na saa nne kasoro gari likaondoka na masega yake.

Saa nne ndipo ilipoanza kazi yenyewe ya siku, Subaru Forester lenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, mali ya kijana anayesafiri kila wiki kwenda Korogwe. Miezi mitatu nyuma aliwekewa mahali fulani sailensa ya nyuma iliyo kama debe tupu. "Kaka, nataka iendelee kunguruma," alisema, "lakini nikifika Korogwe kichwa kinaniuma, na nguvu niliyoahidiwa siioni."

Ngurumo ya Subaru za namna hiyo haitoki kwenye sailensa, ingawa wauzaji wa sailensa hawapendi kulisema hilo. Silinda zake zimelala mbili kulia na mbili kushoto, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4, yaani upande mmoja huwaka mara mbili mfululizo kabla ya upande wa pili kufuata. Tabo limekaa kulia, kwa hiyo bomba la kushoto hulazimika kupita chini ya injini na kuwa refu kuliko la kulia. Mapigo hufika kwenye tabo yakiwa hayalingani, na kutolingana huko ndiko sikio linakokuita ngurumo. Aina za baadaye zilipopewa mabomba ya urefu sawa, mlio ule ulipungua. Kwa hiyo nilimwambia kijana kwamba ngurumo yake ipo kwenye manifoldi, hakuna atakayeiiba. Debe lile limeongeza kelele tu.

Kuhusu nguvu, gari lenye tabo hufaidika kweli moshi unapopata njia pana baada ya tabo. Lakini nilipolala chini yake na taa nikaona kwamba aliyeweka debe aliacha kiungo cha katikati kilichominywa wakati wa kukunja bomba, pakabaki nafasi ya kupitisha vidole viwili tu. Debe nyuma, koo limekabwa mbele!

Tulikata kipande hicho na debe lake. Hadi adhuhuri, tulipozima mashine kwa ajili ya sala na wali wa nazi wa mama ntilie, tulikuwa tumeshika kwa nukta chache za kuchomelea bomba jipya la milimita 63 na sailensa ya kupita moja kwa moja, ambayo ndani yake mna bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi za kioo.

Kilichobaki kilikuwa maumivu ya kichwa, na hapa nilitumia kalamu kabla ya grenda. Kijana alisema mvumo unaomuumiza kichwa humkuta kwenye mizunguko kama 2,400 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde, na injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo ni mapigo 80 kwa sekunde. Ukichomeka pembeni ya bomba kuu tawi lililozibwa mwisho, wimbi la sauti huingia, hugonga ukuta na kurudi likiwa kinyume cha lile linalopita, yakauana, mradi urefu wa tawi uwe robo ya wimbi. Sauti hukimbia haraka zaidi kwenye moshi wa moto. Kwa joto la nyuzi 150 nilihesabu mita 412 kwa sekunde, ikaja takribani mita 1.3. Mwanafunzi wangu alicheka alipoambiwa akate bomba refu hivyo lisilokwenda popote.

Saa nane hadi saa kumi na nusu ilikuwa kuchomelea. Chuma cha bomba hili jipya, stenlesi, hakishiki kutu ovyo, lakini ukikichomelea kwa fimbo za chuma cha kawaida, chumvi ya bahari ya Tanga hula maungio kwanza na kuacha bomba likining'inia. Tulitumia gesi ya agoni nje na ndani ya bomba, kwani upande wa ndani usipolindwa hutoka chembechembe nyeusi kama sukari iliyoungua. Ungio la kwanza la mwanafunzi wangu lilitoka hivyo. Alilikata na kulirudia bila kuambiwa.

Saa kumi na moja tulitoka na kijana kwa barabara ya Segera hadi Pongwe, macho yangu yakiwa kwenye geji ya tabo, maana moshi ukifunguliwa njia tabo laweza kusukuma kupita kipimo chake. Halikupita. Kwenye mizunguko 2,400 tuliongea kwa sauti ya kawaida, na tulipolipita lori la saruji gari liliondoka mapema kuliko alivyozoea, akaachia mafuta kwa mshtuko.

Tuliporudi, gari likiwa limesimama linaunguruma, alizunguka nyuma akasikiliza. "Kaka, mbona kama imepoa?"

Nikamwonyesha kwamba lile tawi nimelifunga kwa klempu, sikulichomelea, na mfuniko wa kuziba tundu litakalobaki nimeuweka kwenye buti. Siku akikumbuka kelele zake alitoe mwenyewe kwa spana. Jana nilimwona kijana huyo pale Kange akitia mafuta. Nilichungulia chini ya gari: tawi lipo.