Ulikuwa unamtunzia nani?

Leo Jumatatu na bado lile swali aliloniuliza dogo Ijumaa, kuhusu kadi niliyoibania mkononi, halijaniachia. Nimefungua stationari asubuhi, nimetoa kopi za vyeti, nimelaminetia kadi ya mama mmoja wa Gungu, na kila mashine ikianza kunguruma nasikia tu, "sasa kaka, ulikuwa unamtunzia nani?"

Ijumaa zetu mnazijua. Mkeka barazani, mimi, shem, dogo na Mwalimu, tunacheza Magic, mchezo wa kadi za kupigana kwa viumbe na uchawi, ya watu wanne ile ya Commander, kila mtu deki yake ya kadi 100 na uhai 40. Kadi orijino ni zile chache alizotuachia binamu, nyingine zote nimeziprinti mwenyewe dukani kwenye manila, kwa hiyo hapa hakuna wa kumtambia mwenzie kwa hela.

Shem toka amjue Krenko, kadi ya bosi wa vibwengo, hataki kusikia deki nyingine. Krenko ukimlaza, yaani ukiilaza kadi yake ubavu kumtumia, anazaa vibwengo kwa idadi ya vibwengo ulionao tayari, na yeye mwenyewe anahesabiwa, kwa hiyo anaanza peke yake, wanakuwa wawili, wanne, wanane, na vile hatuna kadi za kuwatosha shem anatumia maharage, anayachota kwenye kikombe cha bati kwa mbwembwe utadhani anampimia mteja pale Kibirizi. Mimi deki yangu nyeupe tupu, ya kujificha. Nina Ghostly Prison, sisi tunaiita geti, kila kiumbe anayetaka kunishambulia lazima alipiwe mana 2, mana ndo nguvu ya kulipia inayotoka kwenye kadi za ardhi, sasa maharage thelathini nani atayalipia kiingilio? Nikakaa zangu nyuma ya geti nakunywa chai, wenzangu wanapigwa.

Na mkononi toka raundi ya nne nilikuwa na Wrath of God. Mana 4 tu, inafuta viumbe wote mezani, wako na wangu, inapiga deki kwelikweli.

Mwalimu aliniuliza jamani. Nakumbuka mpaka alivyoshika kidevu. "Jirani, kama una kitu kitoe sasa hivi." Nikamwambia tulia Mwalimu, geti lipo. Lipo kwa nani? Yeye alikuwa kabakiza uhai 12. Hesabu zangu zilikuwa acha shem ammalize Mwalimu, amchoshe na dogo, halafu ndo nifute. Na tusidanganyane, nilikuwa na malaika wangu wawili mezani na niliwaonea huruma.

Wakafika maharage 31, Krenko wa 32. Krenko kalazwa tayari, shem akamalizia zamu kwa kuweka Impact Tremors. Zamu yangu hiyo. Ardhi 8, zote zimesimama hazijatumika, Wrath mkononi. Nikapitisha zamu bila kuitoa. Ile kadi ya shem inasema kila kiumbe wako akiingia mezani kila mpinzani anakatwa 1, hakuna cha kushambulia wala cha geti, na mimi ndo niliyeiprinti, nikaikata na mkasi wangu, sijawahi kuisoma. Zamu ikazunguka ikamrudia, akamlaza Krenko, akamimina kikombe chote mkekani. 32 kwa kila mtu. Mimi nilikuwa na 31.

Badala ya kunyamaza nikageuza kadi nikasema mnaona, nilikuwa nayo! Kama mtoto. Shem akacheka. Mwalimu hakusema kitu, akaanza tu kupanga kadi zake. Dogo akaichukua, akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia, ndo akauliza. Na wala hakuwa ananikejeli, hicho ndo kinachouma, alikuwa anataka kujua.

Nikamjibu "nilikuwa nasubiria muda." Akasema "ahaa." Ahaa! Toka siku hiyo nimeshamjibu kichwani mara hamsini, nikiwa naoga, nikiwa kwenye bajaji, na kila jibu linaishia kwenye ile ahaa. Katikati hapo posa ya dada imekuja kutoka Kasulu na mwenye fremu kapandisha kodi, mambo makubwa hayo, nimeyapita kama naota.

Ila ngoja niwaambie kuhusu posa. Jana wageni walizidi, mama watoto akaona maharage ya kwenye pakacha hayatoshi, akabeba kikombe cha shem bila kumuuliza mtu, akayaosha, akayachanganya humo humo, akayaunga na mawese. Mimi sijui hili wala lile mpaka dogo ananikanyaga mguu, ananionesha kwa macho mshenga anavyojipakulia mara ya pili, ananinong'oneza "kaka, kamla Krenko yule." Nilikohoa wali ukanitoka puani. Shem kainamia sahani mabega yanamtikisika, Mwalimu kasimama eti anafuata maji ya kunawa, na mzee wa watu anasifia, maharage ya huku kwenu matamu sana. Posa tumeikubali.

Ijumaa ijayo malaika nawapunguza, naweka kadi za kuvunja vitu vya mezani visivyo viumbe, na Mwalimu nitamwomba radhi kabla hatujakata kadi maana tangu siku ile salamu zake fupi.

Usiku wa jana nimetoka kufunga mlango wa uani nikaona njia ya udongo imepanda kwenye fremu, nyembamba kama kamba ya kiatu, mpaka kwenye bawaba. Nimegonga na kidole, ndani panalia patupu. Mchwa. Sijamwambia mtu bado.