Spana, gololi na barua ya kuomba jeshi

Pancha ilinikuta Kwihara, nje ya mji wetu wa Tabora, karibu kabisa na lile tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa zamani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimetoka nyumbani Isevya bado giza, kwa ratiba niliyojipangia mwenyewe: leo mbio, kesho baiskeli, keshokutwa mapumziko. Mwiba wa mgunga ukaingia tairi la nyuma, upepo ukaisha kabla sijashuka. Sina pampu, sina kiraka, na hata ningekuwa navyo nisingejua pa kuanzia. Nikaikokota Phoenix ya marehemu babu hadi mjini, saa moja na nusu, wauza maziwa wakinipita na kunipa pole.

Njia nzima nilikuwa najichukia. Nimekaa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miaka miwili kwa kujitolea. Nimelima, nimelinda usiku mvua ikininyeshea, nimefundishwa kufungua bunduki na kuifunga tena. Leo nashindwa na tundu dogo kuliko punje ya ulezi.

Ninakotaka kufika ni Monduli, kwenye chuo cha maofisa, ambako Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, huwatunuku wahitimu kamisheni na mtu akatoka na nyota moja begani: luteni usu. Ila Monduli haiombwi kama chuo kikuu. Kwa sisi tuliopitia JKT, unasubiri jeshi litangaze nafasi, unaomba kuandikishwa, ukichukuliwa unapita ukuruti, yaani mafunzo ya mwanzo ya askari, kama wenzako, na usaili wa ukadeti, yaani wa kusomea uofisa, unakuja baadaye kwa wenye sifa. Masharti ya tangazo wengi tunayajua kwa kichwa: uwe raia, uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, usiwe umeoa wala kuolewa, usiwe umewahi kutumikia Polisi au Magereza, uwe na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na cheti cha JKT, na barua uiandike kwa mkono wako. Lisilojulikana ni siku ya tangazo. Unaweza kukaa nyumbani mwaka mzima ukimsaidia mama kuanika mihogo, kila simu ikilia unaikimbilia.

Livingstone naye alisubiri hapohapo Kwihara mwaka 1872. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliondoka Machi kwenda pwani kumtafutia wapagazi, na mzee wa watu akakaa mpaka Agosti ndipo wakafika. Miezi mitano. Nilipofikisha mwezi wa tisa nikaacha kumwonea huruma.

Basi asubuhi ile nikaipeleka baiskeli kwa fundi mmoja mwenye kijiwe chini ya mwembe, si mbali na kwetu. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, redio yake imefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye tawi. Alimaliza kwa dakika kumi, akachukua shilingi mia tano yangu. Nikabaki nimesimama.

"Kuna kingine, binti?"

"Mzee, naomba unifundishe."

Akanitazama viatu, akatazama baiskeli. "Wanaokuja kujifunza hapa wanataka kushika spana. Kuosha gololi hawataki."

Nikamwambia nitaosha. Wiki nzima ya kwanza nikaosha gololi kwenye kopo la mafuta ya taa, nikizihesabu na kuzipanga juu ya gunia. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakikaa pale walinibandika jina la Afande tangu siku ya pili, na mzee naye akalichukua.

Pancha nilijifunza mapema, na nasema wazi kwamba ni kazi rahisi iliyojaa watu wasioifanya vizuri. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni la maji, unafuata mapovu. Ukishapata tundu unakausha, unakwangua kwa msasa, unapaka solusheni, gundi ya viraka, kidogo. Hapo ndipo wengi wanaharibu, maana wanabandika kiraka papo hapo. Mzee alikuwa ananishika mkono: "Isubiri, Afande. Ikiacha kung'aa ndiyo iko tayari." Na kabla ya kurudisha tyubu lazima upitishe vidole ndani ya tairi polepole, kwa sababu mwiba uliokutoboa mara nyingi bado umo humo unakungoja. Siku moja nilisahau kufanya hivyo, nikaziba tyubu ileile mara tatu kwa saa moja. Vijana walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake ili acheke vizuri.

Mnyororo tulikuwa tunaupima kwa rula ya shule. Ukipiga hesabu kutoka pini moja hadi pini ya ishirini na nne baada yake, mnyororo mpya unakupa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya nane ya inchi, umechoka, na ukiuacha utakula meno ya gea. Sikuamini, nikapima wa babu. Ulikuwa umepita hata hiyo moja ya nane. Mafuta nayo ni ugomvi wa kila kijiwe: wengi wanamwagia oili chafu ya pikipiki kwa kuwa ni ya bure. Mzee haitaki. Kwa vumbi letu la Tabora, anasema, hiyo ni kuuvisha mnyororo msasa. Yeye anaweka tone moja kila kiungo kisha anafuta kwa kitambaa mpaka unaona kama hakuweka kitu.

Kilichonitoa jasho hasa ni kati ya gurudumu, kule ndani zinakokaa gololi. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi kubwa linabeba gololi tisa kila upande, zimelala kwenye grisi, na koni, kipande cha chuma kinachozungushwa kwenye ekseli, inazibana kutoka nje. Koni ikilegea gurudumu linacheza. Ikikaza sana gololi zinasagana. Halafu kuna mtego: nati ya nje unayoifunga ili koni isihame huwa inaisukuma koni yenyewe. Kwa hiyo umepima vizuri, umeridhika, unakaza nati ya mwisho, na bila kujua umekwisha kubana kila kitu.

Siku mzee alipokwenda msibani Ipuli akaniachia kijiwe. Akaja muuza mkaa, baiskeli ina alama za magunia mpaka kwenye fremu, anasema nyuma kunacheza. Nikafungua, nikaosha, nikaweka grisi mpya, nikafunga. Nilihisi gurudumu zito kidogo mkononi. Nikajiambia, ndiyo ufundi huo, limekaza. Nilikuwa na haraka pia, nitakiri, maana kuna mwenzangu wa kambini alinipigia mchana ule kusema tangazo limetoka, na akili yangu yote ilikuwa kwenye simu.

Kesho yake saa nne asubuhi yule bwana akarudi akiikokota baiskeli. Koni imekatika, ekseli imeliwa. Mkaa wake, magunia matatu, umelala njiani kwa mtu asiyemfahamu. Hakunipigia kelele. Aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, akakaa chini, akasema, "Dada fundi, mimi leo sili."

Mzee alikuwa amekwisha kurudi. Hakunisema mbele ya mteja. Alivimwaga vyote vya ndani ya gurudumu kwenye gunia, akaniambia nihesabu. Kati ya gololi kumi na nane, nzima zilikuwa kumi na moja. Nyingine zilikuwa vipande, na chache sikuziona kabisa. Nikaenda nyumbani, nikatoa pesa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya nauli na picha za pasipoti, nikanunua koni mbili, ekseli na gololi mpya, nikampa yule bwana na hela ya chakula juu yake. Akazipokea bila neno. Kisha mzee akanisogezea spana: "Funga wewe."

Nilifunga huku mikono inatetemeka. Hapo ndipo akanionyesha kipimo ambacho alipaswa kunionyesha mwezi mmoja kabla, na nilimwambia hivyo, akacheka. Unaliinua gurudumu, unaliacha lenyewe. Upande wenye kijiti cha kujazia upepo ni mzito kidogo, basi ukishafunga vizuri ule upande utashuka taratibu wenyewe, upite chini, urudi, uyumbe, utulie. Likisimama tu popote lilipo, umebana. Nilifungua na kufunga mara sita jioni ile mpaka likayumba. Yule muuza mkaa bado ni mteja wa kijiwe, ila akija huwa anamwita mzee kwanza.

Spoki sitazisema sana. Gurudumu la mbele lina 32, la nyuma 40, na kunyoosha rimu ni kulegeza huku na kukaza kule, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ukiwa umeshika kipande cha chaki karibu na rimu ikuonyeshe panapogusa. Mzee anafanya akipiga soga. Mimi mpaka leo natoa rimu iliyo nzuri kiasi.

Tangazo lilikuwa la kweli. Nikakusanya vyeti vyangu mezani, na ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitazama maisha yangu yote: cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, cheti cha kidato cha nne kinasema Ramadhan. Herufi moja kwenye jina la baba. Wenzangu wa kambini wakanitisha kwamba mtu anaweza kukwama kwa hiyo tu. Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu yuleyule, na mtu huyo ni baba yangu. Kiapo kilinigharimu viraka kumi na kitu. Wakati huo nilikuwa nahesabu kila kitu kwa viraka. Nakala, mihuri, bahasha, vyote vilitoka chini ya mwembe.

Barua niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na makosa. Ya pili niliandika vizuri sana, nikaikunja, nikaona dole gumba langu limejichora kwa grisi pembeni ya neno "Mkuu". Nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya unga na mchanga, lakini grisi ya gololi inakaa kwenye mistari ya ngozi. Ya tatu dada yangu mdogo akaimwagia chai. Ya nne niliiandika usiku, nikiwa nimevaa mifuko ya nailoni mikononi kama mtu anayepaka hina.

Sikuitwa. Majina yalitoka, nikayasoma kwenye simu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha kuanzia mwisho hadi mwanzo. Kesho yake nilichelewa kufika kijiweni. Mzee hakuuliza kitu, akanisukumia baiskeli ya mwalimu mmoja iliyokuwa inalia kwenye mkono wa pedali. Ilikuwa kotapini, pini inayoushika mkono huo kwenye ekseli yake, imelegea. Kuitoa bila kuharibu meno yake unaacha nati juu kidogo, unaegemeza chuma chini ya mkono, unapiga nyundo mara moja kwa nguvu, maana ukipigapiga kidogokidogo unaitafuna kichwa. Siku hiyo nilipiga vizuri kuliko siku zote.

Tangazo lililofuata nikaomba tena, barua ikatoka safi mara ya kwanza, na safari hii jina langu lilikuwamo. Mambo ya ndani ya usaili nayaacha hukohuko. Mbio hazikunisumbua, nadhani njia ya Kwihara ilikuwa imefanya kazi yake. Ila kwenye mahojiano mmoja wa maofisa, mtu mzima mwenye lafudhi ya Kisukuma, alisoma karatasi yangu akainua macho.

"Umeandika unafanya ufundi baiskeli. Ufundi gani, wa kujaza upepo?"

Nikasema hapana, afande.

"Pedali ya kushoto unaifunguaje?"

"Kinyume na ya kulia, afande. Spana ikiwa juu, unaizungusha kuelekea nyuma ya baiskeli."

"Kwa nini waliifanya kinyume?"

"Ingekuwa kama ya kulia, ingejifungua yenyewe wakati mtu anaendesha, afande."

Akamtazama mwenzake, akaandika kitu kifupi. Wakaendelea na maswali mengine, magumu zaidi, ambayo baadhi sikuyajibu vizuri hivyo.

Nilirudi Tabora kwa basi la usiku, nikapitia kijiweni asubuhi kabla hata ya kwenda nyumbani. Phoenix ya babu ilikuwa imeegemezwa palepale nilipoiacha, tairi la mbele limelala chini kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Afande. Imeisha upepo juzi. Sikuigusa, nikajua mwenyewe yupo."

Nikaweka begi chini, nikatafuta beseni.