Machweo ya Forodhani Hayamsubiri Mpiga Picha

Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, inatazama magharibi, na kila jioni ukuta wake wa bahari hujaa watu walioinua simu kulielekea jua. Wengi huondoka na picha ile ile ya doa jeupe katikati ya anga lililopauka, na huwa nawahurumia, kwa sababu walichokiona kwa macho kilikuwa kizuri mno.

Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, hivyo jua halishuki kwa mshazari na kukawia juu ya upeo kama lifanyavyo Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi, bali hutumbukia karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse maji hadi ule wa juu upotee ni dakika 2 na ushei, na katika muda huo mwanga hupungua kwa kasi hata kipimo ulichokiweka mwanzo hakifai tena mwisho. Ndiyo maana kila jambo linapaswa kuamuliwa mapema. Mimi hupima mwanga wa anga lililo kando ya jua, si jua lenyewe, na rangi huiweka kwenye mpangilio wa mchana, kwani kamera ikiachiwa ijiamulie huona rangi ya chungwa kuwa kasoro na kuifuta. Mwenye simu naye abonyeze sehemu angavu ya anga hadi kipimo kijifunge, kisha apunguze mwanga kwa kidole. Hata mahali pa kuzamia hapatulii: mwezi Juni jua huzama nyuzi 23 hivi kulia ya magharibi halisi, na Desemba kushoto kwa kiasi kama hicho.

Ninachokitamani zaidi ni ngalawa ikatize mbele ya jua. Kwa macho matupu ni kivuli tu, lakini lenzi ndefu hufichua mlingoti, foromali, yaani boriti inayobeba tanga, iliyolala mshazari, tanga lenye viraka linalopitisha mwanga kwenye mishono, na ndubi, zile mbao za kando zinazoizuia ngalawa isipinduke, zikigusa maji kwa zamu.

Jua likishazama watu hufungasha, nami ningewasihi wabaki, kwa sababu mawingu ya juu huendelea kupokea mwanga kutoka chini ya upeo na mara nyingi huiva wekundu baada ya dakika kumi hivi. Kwa sisi tunaoswali, hapo ndipo penye mtihani, maana adhana ya Magharibi huja papo hapo. Mimi huifunga kamera nikaenda msikitini, na wala sioni kwamba nimepoteza. Wekundu hautoweki hadi wakati wa Isha, kwa hiyo nikitoka hukuta utepe wake chini ya bluu nzito, na kwa mwanga huo hafifu hufunga kamera kwenye stendi, kwa kuwa lenzi hulazimika kubaki wazi sekunde 1 au 2, muda ambao mkono hauwezi kutulia.