Safari ya Nyeri kutafuta karatasi za babu

Babu yangu mzaa baba aliletwa Kenya kama mfungwa wa vita baada ya Wataliano kushindwa kule Ethiopia mwaka 1941, kundi moja na wale waliojenga kale kakanisa ka Mai Mahiu mwaka 1942. Vita vikaisha, wenzake wengi wakarudishwa kwao, yeye akaishia huku akiwa fundi wa magari, akamuoa shosho, yaani bibi yangu, kanisani Nyeri. Sasa mimi na mzee, yaani baba yangu, tunaomba kutambuliwa kama raia wa Italia kupitia yeye, na tulichokuwa nacho ni jina lake na neno Piemonte, mkoa mmoja wa Italia, basi. Kumbe Italia vitabu vya kuzaliwa havikai ofisi moja, kila mji unaweka vyake, kwa hivyo usipojua mji aliozaliwa huna hata pa kuandika barua.

Tukapanda matatu kituo cha Tea Room, Nairobi, asubuhi mapema, mzee ameshika faili mapajani safari nzima, mvua ikatupata Karatina na Mlima Kenya hatukuuona kabisa. Nyeri mzee akataka kwanza tupitie lile kanisa la kumbukumbu la Wataliano, pale alipozikwa Amedeo, yule Duke wa Aosta aliyekuwa mkuu wa Wataliano kule Ethiopia, aliyefariki 1942. Ukutani kuna majina ya askari, mengi sana, mzee akatembea polepole akiyasoma moja moja kwa sababu babu alikuwa anamwambia marafiki zake wako hapo. Sikumharakisha.

Parokiani sekretari akatutolea rejista ya ndoa, kitabu kikubwa, karatasi zimegeuka manjano, mwandiko wa padri ni wa Kilatini. Mzee akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika jina la babu, halafu jina la baba yake babu, ambalo hatukuwahi kulisikia, na mbele yake limeandikwa Mondovì, mji ulioko Piemonte. Mzee akanyamaza kidogo akasema, "Huyu ni babu yangu." Nilifurahi mpaka nikashindwa kuongea jamani.

Ila hapo hapo tukaona shosho ameandikwa Maria Wanjiru na cheti cha kuzaliwa cha mzee kinasema Wanjiru peke yake, so itabidi wakili atuandikie hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja. Usidharau kitu kama hicho, majina yakipishana wanaweza kukurudisha.

Karatasi nzito kuliko zote ni ile ya kuonyesha babu hakuchukua uraia mwingine. Kwa sheria yao ya 1912 Mtaliano akiomba uraia wa nchi nyingine alikuwa anapoteza wa kwao, na Kenya nayo haikuruhusu uraia wa nchi mbili mpaka katiba ya 2010. Babu aliishi na kitambulisho cha mgeni mpaka akafa, shosho alikiweka kwenye sanduku lake na Mungu ambariki kwa hilo, sasa tunangoja barua ya uhamiaji ya kuthibitisha. Na tangu Machi 2025 Italia wamekaza, lazima awe mzazi au babu au bibi aliyekuwa na uraia wa Italia peke yake, wenye kuanzia kwa baba wa babu wengi wao wamefungiwa mlango, na naona ni uchungu kwa watu waliokuwa wameshakusanya kila kitu.

Mondovì tuliwaandikia imeili, sista mmoja akatusaidia Kiitaliano, wakatuma cheti cha babu kikiwa na majina ya wazazi wake wote wawili. Wiki ijayo ni mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, halafu mfasiri, halafu ubalozini na ada ya yuro 600 kwa kila mtu mzima, na hairudi hata ukikataliwa, ndio maana sitaki tulipe kabla majina hayajakaa sawa. Kama babu yako naye alitoka kwenye zile kambi za wafungwa wa vita na alifunga ndoa kanisani, anza na rejista ya hiyo parokia.