Bado Unasoma, Baba?

Iringa, Jumapili usiku

Baridi ya Julai imekolea. Hapa Kihesa nimejifunika blanketi mbili na vidole vimekufa ganzi. Wiki iliyopita vidole hivi hivi vilishika pedi ya gemu hadi alfajiri, wala sikusikia baridi.

Kompyuta hii mama aliinunua kwa viazi, gunia baada ya gunia, kule Njombe. "Ya masomo," aliwaambia majirani. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya masomo kweli. Kisha jamaa wa geto la pili akaniwekea gemu la mpira.

Asiyecheza hudhani tunakosa tu nidhamu. Sikatai, ila mechi ya mtandaoni haikungoji. Huwezi kuisimamisha ukaepue wali. Ukitoka umefungwa, pointi zimekatwa, daraja limeshuka. Ukishinda unataka upande, ukifungwa unataka ulipize. Mechi ya kulalia sijawahi kuipata. Bumu la mwisho, pesa ya mkopo wa chuo, lililiwa zaidi na bando kuliko na tumbo, na muhula wa kwanza nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, moja ya Takwimu, somo nililokuwa nawafundisha wenzangu.

Alhamisi, saa kumi alfajiri, simu ikaita. Mama huamka saa hizo kuwahi lori la viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe uko macho? Bado unasoma, baba?"

"Ndiyo mama."

"Hizo kelele ni za nini?"

Mtangazaji wa gemu alikuwa anapayuka. Nikasema ni somo la video.

"Haya. Usijichoshe sana. Kunywa hata uji."

Nikafungwa goli wakati tunaongea. Na kilichoniuma kwanza, Mungu anisamehe, ni lile goli. Mama alikuja kuniuma baadaye, ameshakata simu.

Asubuhi nikaanza kusoma habari za uraibu huu wa gemu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Si saa ngapi unacheza. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama gemu limetangulia mbele ya mambo mengine yote, na kama unaendelea huku unaona linakuharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Nikahesabu kwa vidole: mimi nina miezi tisa. Nikafurahi! Eti bado nina mitatu ya akiba. Nilipojisikia nikifurahi ndipo nilipoogopa.

Ijumaa nililifuta gemu. Jana nimelala saa nne usiku, nikaota nacheza.

Leo mchana nimeangalia kulipakua upya kunakula GB ngapi. Nimeangalia tu. Ningependa kuandika kwamba nimejizuia, lakini bando lilikuwa halitoshi.

Kesho mama atapiga tena alfajiri. Sapu ya Takwimu ni Septemba.